Pumzi za Chiriku

Mama mmoja alikuja studio akaniomba nimpe pumzi za binti yake aliyefariki.

Usicheke. Hata mimi nilidhani msiba umemvuruga akili.

Mimi ni fundi wa sauti. Mwanamuziki akishaimba akaenda zake, mimi ndiye ninayebaki na sauti yake. Naing'arisha, nanyoosha palipopinda, halafu nafuta pumzi.

Ndiyo, zile anazovuta kati ya mstari na mstari. Bosi hazitaki kabisa. Anasema zinamkumbusha msikilizaji kwamba anayeimba ni mtu.

Matokeo yake mnayajua. Mdundo uleule, maneno manne yanarudiwa mpaka mtoto wa chekechea anachoka, sauti zote kama zimetoka tumbo moja. Mnatusema mitandaoni kila kukicha. Huwa nasoma tu, hata nguvu za kubisha sina. Mna haki.

Huyo binti tulimwita Chiriku, maana mdomo wake ulikuwa haupumziki. Alikuwa na pumu. Kabla ya kupandisha sauti, kifua chake kilipiga mluzi mwembamba, fyuu, ndipo anaimba.

Nikaufuta mluzi kila ulipotokea. Ngoma ikatoka, ikabamba kila kona. Haukupita muda, pumu ikamchukua.

"Mwanangu," mama yake aliniambia. Alikuwa fundi cherehani, na kipande cha uzi kilikuwa bado kimenasa kwenye mkono wa gauni lake. "Wimbo wake unapigwa kila duka. Nasikiliza, lakini simpati. Mmempiga pasi mpaka amekwisha."

"Ndiyo biashara ilivyo, mama."

"Alipokuwa mdogo nililala naye kitanda kimoja. Nikisikia ule mluzi, najua yu hai, nafumba macho. Nipe huo tu. Wimbo bakini nao."

Nilishindwa kumtazama usoni. Nikafungua rekodi ya kwanza, ile ya kabla sijaitia mkono, nikamvalisha hedifoni.

Fyuu.

Akashika meza kwa mikono miwili.

"Huyu," alisema. "Huyu ndiye wangu."

Akalia, akacheka, akaniomba nirudishe mwanzo. Na mimi nikalia, jitu zima na ndevu zangu. Nikamwekea kwenye simu yake, akaondoka ameikumbatia kifuani.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Umeona alivyolia?" aliniuliza.

"Nimeona, Bosi."

Nikadhani ameguswa. Siku ile nilimheshimu kidogo, Mungu anisamehe.

Wiki kadhaa zikapita. Nikiwa kazini, mama akapiga simu, furaha tupu.

"Mwanangu, kumbe Chiriku aliacha wimbo mwingine, mkanificha!"

"Hapana, mama. Aliacha ule mmoja tu."

"Acha utani. Upo redioni sasa hivi. Sauti sijui mmeifanyaje, si yake. Lakini pumzi ni zake. Hapo hunidanganyi."

Nikawasha redio. Alikuwa binti mwingine, mgeni, mzima wa afya, ambaye wimbo wake Bosi aliutengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Mdundo uleule. Maneno manne.

Na kabla ya kiitikio: fyuu.

Nikamwomba mama asubiri, nikaingia chumba cha Bosi. Wala hakukana.

"Pumzi zinauza, kaka. Si uliona mwenyewe yule mama? Nimeziweka kwenye nyimbo zote zinazokuja."

Nikarudi kwenye simu. Nilitamani kudanganya, ulimi ukakataa.

"Mama, wamezichukua. Wamempa mtu mwingine."

Nilisikia cherehani yake ikisimama.

"Basi zifute, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

"Wimbo umeshasambaa, mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sasa mimi nitalalaje?" aliuliza. "Redio ya jirani ikipiga ule mluzi, si nitajua mwanangu yu hai? Kila siku nitaamka nimzike upya?"

Tangu siku ile natafuta kazi nyingine.

Mnataka funzo? Mkituambia nyimbo zetu hazina uhai, msidhani hatuwasikii. Tunawasikia sana. Ndiyo maana sasa tunauiba kwa wafu.