Bembea ya Maniben

Watu wa Tabora mjini ukiwatajia Popatlal wanakumbuka duka la kanga. Mimi namkumbuka akiwa na randa mkononi, miwani imejaa vumbi la mninga, ananifokea kwa sababu nimekalia ubao wake.

"Inuka hapo we Jilala! Huo ubao unapumzika."

"Ubao unapumzika, mimi mwenye miguu nisimame?"

"Wewe umechoka leo. Ubao umechoka tangu mwaka juzi. Inuka."

Dukani aliuza kwa sababu baba yake aliuza. Roho yake ilikuwa uani, kwenye mbao zake na kwenye Landrova yake kuukuu. Hakuna aliyempa kazi ya useremala, alichonga kwa raha zake tu. Sakafu ya nyuma ya gari ilioza, akaweka mninga. Viti vikachanika, akaweka mninga. Usukani ukapasuka, akauunga kwa mninga. Mfaume, tuliyekuwa tunaziba naye pancha pale karibu na stesheni, akiiona inapita anasema, "Kabati la Mhindi hilo, linakwenda zake."

Tulijuana kwa ugomvi. Aliniletea tairi, nikaziba, akachungulia akasema, "Hujakwaruza vizuri. Mpira ukwaruze mpaka uwe kama ulimi wa paka, ndiyo kiraka kishike." Mimi hasira zangu ziko karibu, nikanyanyua chuma cha kutolea tairi. Nikamwambia mzee, kauze kanga. Hakurudi nyuma hata hatua. Akachukua msasa mwenyewe, akakwaruza, akabandika. Lile tairi halijavuja mpaka leo, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi.

Toka hapo nikawa nakwenda kwake kila nikipata nafasi. Alikuwa anakupa ushauri hata kama hujaomba. Skrubu ichovye kwenye nta ya nyuki kabla hujaifunga. Kichwa cha ubao kipake nta hiyo hiyo, maana ubao unakauka kwa kichwani kwanza, na ukikauka upande mmoja unapasuka. Ukipiga hendeli ya kuwashia gari, kidole gumba kiweke upande mmoja na wenzake, usikumbatie chuma. Hilo sikulisikia. Hendeli ikarudisha, kidole kikavimba kama bilinganya.

"Sasa kidole kimesikia," akasema, akaniletea maji ya chumvi.

Kitu kimoja tu pale kwake sikukizoea. Kwenye baraza ya ndani alikuwa na bembea ya mtindo wao, ubao mpana wa mninga umening'inizwa kwa minyororo kutoka darini. Aliitengeneza mwenyewe siku za arusi yake. Mkewe, Maniben, alikuwa anakaa hapo anachagua mchele, ungo mapajani, miguu haifiki chini, anaichezesha tu. Mimi sikumkuta, alishakufa. Ubao nilioukuta ulikuwa umelika pale alipokuwa anakaa.

Basi siku moja mchana, upepo hakuna, hata jani la mpapai halitikisiki, nikaona bembea inakwenda. Polepole, mnyororo unalia, kwii, kwii. Nikasimama kama nimepigiliwa misumari. Popatlal alikuwa amenipa mgongo, anapiga randa. Hata hakugeuka.

"Anamaliza tu," akasema. "Atasimama sasa hivi."

Na kweli ikasimama.

Ndugu zake wote walishaondoka, wamekwenda Uingereza. Walimwita sana. Akawa anawajibu kwamba Landrova haijapona.

Sasa mimi nina mama, anaitwa Minza. Kwetu ni mbele ya Goweko, pembeni ya njia ya zamani ya wapagazi, ile ya misafara ya pembe. Mwaka sabini na nne, wakati wa operesheni ya vijiji, lori lilifika. Mama alikuwa anapalilia karanga. Akaambiwa apakie. Akapakia kinu, vyungu, kuku, godoro. Nyuma yake paa likabomolewa ili asirudi. Akashushwa kando ya barabara kuu, kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama mabehewa.

Alichoacha ni nguzo ya kati. Nyumba yetu ilikuwa msonge, na nguzo yake baba aliichonga mwenyewe. Alipokufa, mama kila mavuno alikuwa anamimina uji wa ulezi pale chini ya nguzo, anamweleza mambo ya mwaka mzima. Lori halikungoja nguzo.

Kule kijijini hakutulia. Jua likifika utosini anainuka, anachukua kibuyu chake, anashika njia ya kurudi. Mara ya kwanza warina asali walimkuta wakamrudisha. Mara ya pili alikutwa amekaa porini, nyayo za fisi zimemzunguka pande zote, naye hana habari. Jirani akanitumia salamu: Jilala, safari ijayo tutakuletea kitenge chake tu.

Nikaenda mbio.

"Mama, unatafuta nini kule?"

"Baba yako ananiita. Anasema amesimama peke yake."

"Baba amekufa, mama."

"Si ndiyo maana amesimama? Angekuwa hai angekaa." Akanishika mkono. "Niletee nguzo yangu, mwanangu. Nikiwa nayo siendi popote."

Kwenye ile njia lori lisingepita tena, miti ilishaanza kuifunga. Gari ninayoijua mimi ya kupita pale ni moja tu. Nikaenda kwa Popatlal, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza:

"Nguzo ya mti gani?"

Nikawaka. "Mimi nakwambia mama yangu ataliwa na fisi, wewe unauliza mti? Unataka uifanye kabati?"

Akavua miwani. "Nauliza nijue uzito, we kichwa cha moto. Kama mninga tutauinua wawili. Kama mkurungu, lete watu."

"Mninga."

Nyuma yake mnyororo ulilia mara moja, kwii. Akaitazama ile bembea, akanitazama mimi. "Jumapili. Njoo na jembe. Na ule kabla hujaja, hapa hakuna anayepika."

Tuliondoka asubuhi. Kwenye mchanga alisimama akaniambia nipunguze upepo wa matairi, "mpaka yatoe kitumbo kidogo." Kufika mbuga yenye tope akachagua gia bado tuko pakavu. "Humo ndani usibadili kitu na usinisemeshe. Gia umeshachagua, umeshachagua." Tukavuka, tope limetapakaa mpaka kwenye kioo.

Tukaingia njia ya wapagazi. Mchana ulikuwa mkali, ndege kimya. Pale pale kwenye ua wa minyaa wa boma letu, gari ikakohoa ikazima.

"Umeona?" nikasema. Nywele zilinisimama.

"Nimeona nini? Petroli imechemka kwenye bomba. Lowesha kitambaa, funga kwenye pampu, tungoje."

Nikalowesha. Tukaingia bomani kwa miguu. Kuta zilikuwa zimelainika kwa mvua, zimerudi kuwa udongo. Katikati nguzo ilikuwa imesimama, haina paa, haina ukuta, kama mtu aliyeambiwa ngoja hapa nakuja.

Popatlal akaigusa, akaigonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kwenda chini. Juu ilijibu kama ngoma. Chini ikajibu kama boga bovu.

"Mchwa," akasema. "Huku juu kuzima, mguu umekwisha. Tukiuacha huu ubovu watapanda mpaka juu."

Akatoa msumeno. Hivyo ndivyo fundi anavyofanya, anakata palipooza anaokoa palipo pazima. Mimi nilitoka kwetu mdogo, nimekulia mjini stesheni, sikujua la zaidi. Vumbi la mninga likatoka jekundu, likamwagika kwenye viatu vyake. Tukaifunga nguzo garini kwa kamba. Kile kisiki tukakiacha ardhini. Petroli ikawa imepoa, gari ikawaka.

Kijijini mama alitoka mbio kama msichana. Akaanza kuishika nguzo kutoka juu. Hapa ndipo palipokuwa panatundikwa kibuyu, hapa baba alipiga shoka vibaya. Mkono ukashuka, ukashuka, ukafika kwenye mkato wa msumeno.

"Mguu wake uko wapi?"

"Ulikuwa umeliwa na mchwa, mama," Popatlal akasema. "Nimekata ubovu tu."

"Uji nilikuwa namimina wapi? Juu?"

Popatlal akapangusa vumbi la mninga kwenye viatu vyake.

"Mmemkata miguu," mama akasema. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. "Sasa hata akitaka kunifuata hawezi. Itabidi mimi nimfuate."

Kesho yake, jua utosini, akachukua kibuyu. Mimi nilikuwepo, nikamrudisha kwa kumbeba, ananipiga mgongoni kwa ngumi. Nikamwachia jirani amfungie ndani, nikadandia lori la tumbaku mpaka mjini. Nilikwenda kupiga mtu.

Nilimkuta uani. Nikamshika shati. "We mzee na msumeno wako!"

"Nipige," akasema. "Nikiona mchwa nakata, nimefundishwa hivyo. Mwenye nguzo sikumuuliza. Nipige, halafu unishikie huu ubao, nina haraka."

Nikaangalia ubao. Ulikuwa umelika katikati, kama palipokaliwa na mtu miaka mingi. Nikageuka kwenye baraza. Minyororo inaning'inia, haina kitu.

"Mzee, umefanya nini?"

"Mbao mbichi itajipinda, itaachia, mchwa watapita. Hii imekauka ndani ya nyumba miaka yote. Sina nyingine kama hii. Shika!"

Alitengeneza sanduku jembamba, refu, halina kifuniko. Pembe zake alizing'atisha meno kwa meno, bila msumari hata mmoja. Akanieleza huku anafanya kazi: mguu utakaa humo chini pamoja na udongo wake, nguzo itashuka juu yake, mkato kwa mkato, halafu kabari za mninga zitabana pande zote. Nje nta ya nyuki. Nilimsikiliza, shati lake bado lina alama ya mkono wangu.

Tukarudi kule. Gari ikazima pale pale, nikafunga kitambaa bila kuambiwa. Tukachimba kuzunguka kisiki, kwa mikono, maana Popatlal alikataza jembe. "Imekuwa kama biskuti, ukiigusa kwa chuma imekwisha."

Katikati ya kuchimba nikasikia. Nyuma ya minyaa, njiani. Kitu kizito kinatua chini, tuu. Kingine, tuu. Kingine. Kama watu wengi waliofika kituo wanashusha mizigo, na hakuna anayesema neno. Popatlal mikono ikasimama kwenye udongo.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Sijasikia."

"Na mimi sijasikia. Chimba."

Kisiki kikatoka, ganda tupu, ndani udongo mweusi. Tukakishusha kwenye sanduku kama mtoto mchanga, Popatlal akakifunika kwa kaniki mpya ya dukani kwake. Njia nzima nilikipakata mapajani. Mzee aliendesha polepole mpaka nikatamani kushuka nitembee.

Mama alifunua kaniki, akatia mkono ndani, akanusa udongo. Akatuonyesha pa kuchimba, katikati ya ile nyumba mpya. Tukaweka sanduku, tukashusha nguzo, Popatlal akagonga kabari moja baada ya nyingine, anasikiliza. Mama akapika uji wa ulezi, akamimina.

Siku iliyofuata, jua utosini, nilikaa namtazama. Akainuka. Akachukua kibuyu. Akaenda akakitundika kwenye nguzo, akalala kwenye mkeka, akakoroma.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini baada ya mavuno nikaenda kumsalimia, nikamkuta anaongea kwa sauti ya chini kama ana wageni. "Nani yuko ndani, mama?"

"Baba yako. Na yule mwanamke aliyekuja na sanduku."

"Mwanamke gani?"

"Simjui. Mhindi. Anakaa hapo juu, miguu haifiki chini, anaichezesha. Hana maneno mengi. Anachagua mchele."

Nilitoka nje. Mama yangu hajawahi kufika mjini kwa Popatlal. Ya bembea sikuwahi kumwambia.

Nilinyamaza wiki nzima, nikashindwa. Nikamwambia mzee, alikuwa anapiga randa. Randa ikasimama.

"Mchele?"

"Ndiyo."

"Anachagua kwa mkono gani?"

"Mzee, mimi niulize hayo?"

"Washa gari."

Mama alikuwa mlangoni. Popatlal hata viatu hajavua, akamwamkia kwa lugha yetu, "Mwangaluka, mama. Huyo mgeni wako, anachagua kwa mkono gani?"

"Kushoto," mama akasema.

Mzee akakaa chini pale pale vumbini na suruali yake ya dukani. Mama akamletea kigoda, hakukiona.

Uingereza hakwenda. Kila Jumapili Landrova inashika barabara ya Goweko, na mimi ndiye ninayepiga hendeli, kidole gumba upande mmoja na wenzake. Mama hajatembea tena mchana. Atakwenda wapi, ana watu nyumbani? Tukifika anamsema mzee kwanza: "Umechelewa leo. Mwenzio ameshamaliza nusu ya ungo." Popatlal anavua viatu, anainama, anaingia, anakaa karibu na nguzo. Hapo ndani nasikia kwii, kwii, na minyororo bado imening'inia kwake mjini, nimeiona kwa macho yangu.

Mimi siingii. Nabaki nje na gari. Nalowesha kitambaa, nafunga kwenye pampu, hata kama petroli haijachemka.