Hatua Sitini Kutoka Kalvati

Siku yake ya kwanza kazini, Babu alipewa viatu vya mpira na spana ndefu yenye umbo la T, akapangiwa mtaa wa Sekei. Alikuwa mfungua maji. Maji yalishuka kutoka Mlima Meru kwa zamu, na yeye ndiye aliyezunguka kufungua na kufunga koki zilizofukiwa kando ya barabara, mtaa huu upate asubuhi, ule jioni. Kila koki aliiandika kwenye daftari iko wapi. Ya kwanza aliandika iko mbele ya mashine ya kusaga. Foromani akafuta.

"Mashine ina mwenyewe, kijana. Akihamia Moshi, utaifuata koki huko?"

Akamfundisha kupima kwa hatua kutoka kwenye kalvati, lile daraja dogo la zege juu ya mfereji, kwa sababu halina mwenyewe. Foromani alijua. Mashine ya kusaga ikawa duka la kanda za muziki, likaja kuwa saluni, sasa ni wakala wa kutuma pesa. Kalvati lipo palepale.

Hadithi hii nimeisikia mara nyingi mno. Nakiri nilishaacha kuisikiliza.

Jumamosi bomba likapasuka mtaani kwetu, hapahapa Sekei. Maji yakaingia mpaka sebuleni kwa jirani, na koki ya kuyafunga haikuonekana, ilishafukiwa zamani. Mhandisi, dada mmoja mpole, akasema basi itabidi wavunje lami. Lami yenyewe tuliisubiri tangu sijaanza shule. Watu wakanuna. Babu akaomba achimbiwe shimo moja tu, pembeni.

Akatembea kutoka kwenye kalvati, akahesabu hatua sitini. Wakachimba. Udongo mtupu. Kijana mmoja wa sururu akamwambia mzee akapumzike, wenzake wakacheka. Babu akaitazama miguu yake, halafu akaanza kunitafuta.

Nilikuwa nyuma kabisa. Shuleni wananiita Twiga, kwa hiyo nimezoea kusimama nyuma na kujikunja kidogo.

"Njoo, mama," akasema. "Hatua zangu zimefupika. Miguu yangu ya kazi unayo wewe."

"Babu, watu wote wanaangalia."

"Waache waangalie. Usiiname."

Nikatembea. Babu akanifuata akitaja waliokuwepo enzi zake: kinyozi, fundi baiskeli, mama wa maandazi. Hatua ya hamsini na tisa akasema, "Mashine ya kusaga." Nilikuwa mlangoni kwa wakala. Ya sitini nikasimama, wakachimba, sururu ikagonga chuma.

Akina mama wakapiga vigelegele. Babu akaomba spana, akaizungusha kwa mkono wake, maji yakanyamaza. Akaniambia tangu astaafu watu wanamuuliza habari za magoti tu.

Mhandisi akafungua daftari. "Kwa hiyo mzee, niandike hatua sitini?"

"Sitini," Babu akasema. "Na uandike ni za nani."

Mhandisi akanigeukia, kalamu mkononi. Nikasimama wima, nikamtajia jina langu.