Nani Kaondoa Manjano?

Mpaka leo nikimwona yule dalali damu inanichemka. Hata salamu yake sijibu.

Alinifuata mwenyewe Makole, kwenye kibanda changu cha ufundi, akaomba nimtengenezee kipimo cha unyevu wa mahindi. Sokoni Kibaigwa watu hupima kwa meno: unachota punje guniani, unaing'ata, ikilia ka! ni kavu, isipolia mnaanza kubishana bei. Akasema ubishi umemchosha. Nikatumia kompyuta ndogo ya ubao mmoja inayoendeshwa na programu ya Linux, yenye taa ya LED ya rangi palepale juu yake. Mahindi makavu, kijani. Mabichi, nyekundu. Yaliyobakiza jua la siku moja, manjano.

Hiyo manjano ilinitoa jasho. Taa yenyewe haina manjano. Ina nyekundu, kijani na buluu basi. Unaipata kwa PWM, yaani unawasha na kuzima kila rangi haraka mno hata jicho lisigundue, nyekundu ikikaa muda mrefu kuliko kijani. Nilihangaika na namba mpaka ikatoka manjano safi, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Dalali hakuipenda. Eti inawapa wakulima maneno: wakiiona wanaanika mahindi kwenye turubai, kesho wanadai bei ya makavu. Akataka niitoe. Nilimkatalia kwa ukali, akabeba kipimo chake akaenda zake.

Baadaye nikasikia taa yangu ina rangi mbili tu. Nikamfuata sokoni, nikakifungua kipimo mezani kwake, nikasoma namba zake. Fundi mwingine alikuwa ameweka sifuri kwenye kijani cha ile manjano, ikabaki nyekundu tupu. Kazi ya dakika moja! Nikafoka mpaka sauti ikakauka. Yeye akanijibu taratibu kwamba kifaa ni chake. Mshenzi.

Nilitoka pale nikaenda kijijini kwa mama yangu mdogo, ambaye mahindi ya mwaka huu ndiyo yangemnunulia bati. Nikakuta paa lilelile la udongo. Nikamwamkia, nikauliza mahindi yako wapi. Akasema kamuuzia yule dalali kwa bei ya mabichi, maana taa iliwaka nyekundu. Kwenye debe yalibaki kidogo, yameanikwa jua la siku moja tu tangu auze. Nikang'ata punje, ikalia.

“Mama, kwani wewe hukung'ata?”

“Ning'ate ya nini, mwanangu? Si waliniambia taa umeitengeneza wewe.”