Mgeni wa Mama Kutoka Ng'ambo

Mama alipozikwa sikulia. Shangazi zangu walilisema waziwazi jikoni, kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu. Haikuwa hivyo. Niliona aibu. Kwetu Kyondo mtu humlilia marehemu kwa sauti, anamwita, anamgombeza, watu wote wakisikia. Mimi hata darasani kule Kasese mwalimu akiniuliza swali najibu kwa kunong'ona.

Tulimzika kando ya mibuni yake. Waombolezaji wakalala kwetu, kisha wakaenda zao. Mimi nikawa nakwepa kusema neno lenyewe. Mtu akiuliza, nilisema tu, "Tulipata shida nyumbani."

Rafiki mkubwa wa Mama hakuwepo msibani. Ni mama wa Kikongo anayeuza mawese sokoni Bwera, hapa mpakani, na siku zile alikuwa Butembo kwa binti yake aliyejifungua. Tuliposikia amerudi, Bibi aliniita.

"Nenda ukamwambie."

"Si tumpigie simu, Bibi?"

"Simu! Jambo kama hili unalituma kama salamu? Nenda na mdomo wako. Yeye anakujua wewe."

Nyuma ya bodaboda nilijaribu kimoyomoyo. Kila mara nilifika kwenye "Mama" nikakwama.

Sokoni aliniona kwanza yeye. "Ee, mutoto wa rafiki yangu! Umekuwa murefu hivi! Na mama yako iko wapi? Umwambie niko na hasira. Simu yake haiingie. Amepata rafiki mwengine?" Huku akicheka, alivuta kutoka chini ya meza kidumu cha njano cha Mama, kile chenye kizibo cha gunzi la hindi, akaanza kukijaza mawese. "Kamata, ni yake hii."

Nilikipokea. Mikono ikateleza kwa mafuta.

"Mama hatumii tena mawese," nikasema.

"Kwa nini? Munganga amemukataza?"

"Hapana." Nilitazama viatu vyangu. "Alikufa."

Ndiyo mara ya kwanza nilijisikia nikilisema. Yule mama aliketi juu ya kreti la soda. Hakulia. Alifunika ndoo zake moja moja, akamwomba jirani amwangalilie meza, akaniambia, "Twende."

Kwetu, anayechelewa msiba huanza kulia tangu njiani, na waliopo nyumbani humwitikia, asije akaingia na kilio chake peke yake. Kwenye kona ya chini ya nyumba yetu alishuka kwenye pikipiki, akavua kilemba akakifunga kiunoni, akaanza.

"Rafiki yangu ee! Umeniacha na kidumu chako! Nani atanitukana sasa? Nani ataniletea kahawa yenye mawe?"

Alifika uani, akanyamaza, akasubiri. Hakuna aliyeitika. Shangazi walikuwa wamerudi makwao, Bibi alikuwa shambani. Aliita tena, sauti ikapungua, akageuka huku na huku kama mtu aliyekosea nyumba.

Mimi nilikuwa nyuma yake na kidumu mkononi. Nilijua ni zamu ya nani. Dereva wa boda alikuwa bado pale, ananitazama, na kwa aibu nilitamani ardhi inimeze.

"Mama!" Sauti ilitoka nyembamba, imepasuka. "Mama, mgeni wako amefika! Amekuja na mawese yako, na wewe umekufa! Umekufa, Mama, nimempokea mimi!"

Yule mama alinishika mabega, tukalia pamoja hadi kaburini. Bibi alitokea migombani na jembe lake, akalitupa, naye akaitika. Sijui nililia vizuri au vibaya. Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni.

Jioni tulipika maharage kwa mawese yale. Mgeni akakoroga, akauliza kama chumvi inatosha. Hakuna aliyejibu, maana mwonjaji siku zote alikuwa Mama. Bibi akaninyooshea mwiko.

Nikaonja. "Bado kidogo," nikasema, na wakanisikia wote.