Mafundo Mawili ya Kitanda cha Nne

Mwenzangu wa chumba cha kufulia hapo hospitali tunamwita Mama Pasi. Miaka kumi na tisa anapiga pasi, na miaka yote hiyo hajamwamini daktari hata mmoja. Ukimwambia mgonjwa fulani anaendelea vizuri, anabinua mdomo: nani kakwambia, wao?

Basi mume wake akaanguka ghafla, akapelekwa juu kwa wagonjwa mahututi, kitanda cha nne, akawekewa mashine ya kupumulia. Siku tatu Mama Pasi akawa anapiga pasi huku, anapanda kukaa benchini kule. Hapo alimpata mke wa fundi bomba, naye mumewe yuko ndani, wakawa wanagawana chai ya chupa moja. Daktari akitoka wimbo ni ule ule, wanaendelea vizuri. Mama Pasi akaniapia kuna kitu wanamficha.

Sisi wafuaji tuna alama yetu. Mashuka ya mgonjwa wa kawaida hushuka yamefungwa fundo moja. Ya aliyefariki hufungwa mawili, yachemshwe peke yake. Ndugu wa mgonjwa hawalijui hilo, na sisi hatusemi.

Siku ya nne asubuhi furushi likashuka. Kibandiko kinasema mahututi, kitanda cha nne. Mafundo mawili.

Nilitaka kulisukumia chini ya meza, lakini alishaliona. Hakulia, alipandwa na hasira. Akakwea ngazi na aproni yake inachuruzika maji, mimi nyuma, akampita muuguzi mlangoni kama vile hamwoni.

"Mume wangu amekufa tangu lini, na nyie mmenyamaza?"

Muuguzi akamshika mkono taratibu, akampeleka kitanda cha pili, karibu na dirisha. Mzee alikuwa macho, mrija kinywani, akanyanyua kidole kimoja. Kumbe alipata nafuu jana jioni, wakamhamisha, kitanda chake akapewa mwingine.

Mama Pasi akacheka, akalia, akaomba radhi hadi muuguzi akachoka kuitikia. Hata mimi nilifurahi, sisemi uongo. Hatukuuliza huyo mwingine ni nani.

Tulipotoka, mke wa fundi bomba alikuwa anamimina chai.

"Dada, wangu wamemhamishia kitanda cha nne. Umemwona?"

Mama Pasi aliniangalia. Kisha akakaa, akapokea kikombe.

"Anaendelea vizuri," akasema.