Tambuu Shavuni mwa Makhoni

Makhoni, jirani yangu, ana mdomo, na simsemi kwa ubaya. Mumewe alikufa kwa saratani ya kinywa. Kidonda kilianza kidogo tu na yeye akakiita joto la tumbo. Tangu hapo Makhoni hana hadithi nyingine ila kwamba tambuu inaua na watu wapimwe vinywa mapema.

Basi Bihu, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ilipofika, akatukusanya wanawake tukazunguka nyumba kwa nyumba na ngoma, tukicheza na kuwaombea wenyeji heri. Rupia tulizopewa zilikuwa za kumleta daktari kutoka mji wa Jorhat. Sasa, kwetu sadaka haitolewi hivi hivi. Huwekwa kwenye sinia la shaba pamoja na majani ya tambuu na popoo za kutafuna, na ukikataa tambuu umekataa baraka. Makhoni hakukataa hata moja. Alihubiri shavu limejaa.

Kwa bibi Podumi, ajuza asiye na simile, tulikoma. Alimsikiliza Makhoni mpaka mwisho, akayatazama meno yake mekundu kwa tambuu.

"Mwanangu, nicheke au nilie?" akasema. "Kweli nyani haoni kundule."

Tukaangua kicheko, na mimi nimo, Mungu anisamehe. Makhoni alikwenda kutema nje ya ua na hakuimba tena. Njiani akaninong'oneza kwamba tangu majira ya baridi ana baka jeupe ndani ya shavu, halitoki hata akilisugua. Haya ilikuwa inamuua. Mjane wa marehemu yule, mhubiri wa kijiji kizima, kinywa hicho atamfunulia nani? Nikamsihi apimwe siku daktari akija. Akasema heri afe kuliko kuchekwa mara ya pili.

Siku ya daktari, uwanja wa shule ulijaa watu na kiti kikabaki kitupu. Kila mtu alimtegea mwenzake. Bibi Podumi, kajiziba mdomo kwa kitambaa, akatangaza kwamba yeye hafungui mpaka afungue aliyetuita.

Macho yote yakamgeukia Makhoni. Nilitamani kumtetea. Akainuka mwenyewe, akaketi kitini. Daktari akawasha taa, akachungulia kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba baka lipo, bado ni dogo, na linatibika. Akamuuliza anatafuna tambuu tangu lini.

"Tangu harusi yangu," Makhoni akajibu. "Na kwenye msiba wa mume wangu nilitafuna pia."

Hakuna aliyecheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, akavuta gamosa, kile kitambaa chetu cha begani, ajifunike uso. Lakini daktari alikuwa hajamaliza. Basi akajifunika macho tu, kinywa akakiacha wazi. Nyuma yake bibi Podumi alikuwa ameshasimama kwenye foleni.