Rafu Isiyo na Miguu

Sefania alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ubalozi ule ulimkaa kichwani kuliko kofia yake. Hilo lisemwe kwanza, maana pasipo ubalozi ubao wa rafu ungekaa pale ulipopangiwa na mkewe, Yunis, na siku ya wageni isingeharibika. Au tuseme isingetengenezeka, kutegemea unamuuliza nani.

Kwa miaka kumi na tisa Yunis alikuwa ameishi kwenye nyumba ya udongo juu ya Malindi ya Lushoto, yenye moto katikati na dari juu ya moto. Darini zilikaa mbegu: mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, na kibuyu cha maharage ya mama. Moshi ulizipitia kutwa nzima. Bungua, wale wadudu watoboao nafaka, hawakustahimili, na panya aliyethubutu kupanda alirudi akikohoa.

Maharage yenyewe yalikuwa madogo, meupe, yenye madoa mekundu kama yai la kwale. Mama yake alimkabidhi kibuyu kile siku anaolewa, na hakumpa maneno mengi. Alimwambia tu, "Usiyale yote. Hata mkilala njaa, usiyale yote." Dada zake wawili waliyala ya kwao yote, mwaka ule wa ukame mkali, na mama alipokufa Yunis ndiye peke yake aliyebaki nayo. Kila msimu alipanda, akavuna, wakala, na kibuyu kikarudi darini kimejaa.

Ukaja mwaka wa sabini na nne, mwaka wa kuhamia barabarani. Nyumba za mlimani ziachwe, watu wajenge kwa mstari kwenye kijiji kipya, kila nyumba iwe nyumba bora: madirisha mawili, choo, na jiko nje ili moshi usiumize macho ya watoto. Yunis hakuchukia madirisha. Choo pia hakukichukia. Alisimama mkutanoni akauliza jambo moja tu: kama moto unatoka nje na dari haipo, mbegu zitakaa wapi?

Wanaume wakacheka. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mumewe. "Zitakaa ndani ya nyumba, Mama Secilia," alisema. "Kwani zinataka chumba chao na kitanda?"

Yunis akaketi. Alikuwa mwanamke wa kunyamaza kwanza, na wasiomjua walidhani kunyamaza kwake ni kusamehe.

Wakajenga. Wanaume walisimika nguzo wakafunga fito, halafu wakakaa pembeni wakivuta tumbaku, kwa kuwa kukandika ni kazi ya wanawake na haijawahi kuwa ya mwingine. Yunis na majirani zake walibeba maji, wakakanyaga udongo, wakazikandika kuta zile kwa mikono yao tangu chini hadi kwenye paa. Alijua kila fito ilipopita. Ukumbuke hilo.

Msimu wa kwanza kibuyu kilikaa mezani. Panya walipanda kwa miguu ya meza, wakatoboa, na alipokuja kugundua maharage yalikuwa yamebaki nusu. Kibuyu kile kile, nusu. Alilia siku ile, kisha akakiziba tundu kwa nta, akakitia ndani ya sufuria kubwa ya sherehe, akafunika, akaweka jiwe juu ya kifuniko. Ilikuwa dawa ya muda tu, maana mbegu iliyofungiwa bila hewa huota ukungu, na sufuria ile kila mtu wa mtaa aliiazima.

Jibu alilipata kwenye zahanati ya misheni, alikokwenda kutibiwa jino. Ukutani palikuwa na mbao zenye chupa za dawa, na mbao zile hazikuwa na miguu, wala mikono, wala kamba. Zilitoka ukutani zenyewe. Yunis alisahau jino. Akainama akatazama chini yake, akapitisha kiganja, hakuona kitu. Mganga akamwambia ni kazi ya mzee Rubeni, seremala, na yeye akafunga safari siku hiyo hiyo na shavu lake limevimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka jeneza? Uso wako unatisha."

"Nataka rafu kama ile ya zahanati. Isiyo na miguu."

Rubeni akamweleza. Siri iko ndani ya ukuta. Unatoboa ubao kwa nyuma kwa keekee, matundu mawili marefu. Unatia ukutani vigingi viwili vya mti mgumu. Kisha unausukuma ubao uvimeze vile vigingi. Kwenye nyumba ya udongo kuna sharti: ubomoe kidogo, kigingi kifungwe kwenye fito na nguzo, ndipo ukandike upya na kungoja pakauke. Ukipigilia tu kwenye udongo mkavu, ukuta utakutapikia.

Yunis alirudi na mumewe kuchagua, kwa kuwa hivyo ndivyo heshima inavyotaka. Rubeni alitoa mbao tatu. Ya kwanza ilikuwa ya msonobari, nyepesi, nyeupe. Ya pili ya mkulo, mti mgumu wa milimani, imepigwa randa ikang'aa, na chini yake ina mikono miwili iliyochongwa maua. Ya tatu ya mkulo vilevile, nene kama tofali, haina pambo lolote.

Sefania akaishika ile ya maua. "Hii," alisema. "Hii ndiyo rafu ya kiongozi."

"Hiyo ni ngazi," alisema Yunis.

"Ngazi ya nani?"

"Ya panya. Imechongewa na maua ili asichoke njiani."

Rubeni alicheka mpaka akaliacha randa. Yunis hakucheka. Aliugonga ubao wa msonobari kwa kidole, akausikia ulivyo mwororo, akaurudisha. Akaunusa ule mnene wa mkulo. Ulikuwa na harufu kali ya dawa, ile wadudu wasiyoipenda, ikampanda hadi machoni. Akauinua kwa mikono miwili, akauweka begani kupima uzito. "Huu. Chumba cha ndani, ukuta usio na dirisha, urefu wa mkono wangu ukinyooshwa. Na pale nitapapaka majivu na udongo mweupe, nipasugue kwa jiwe mpaka panya ateleze."

"Umesikia mwenyewe, mzee," alisema Sefania, akipiga tabasamu la mikutanoni. "Mimi nimekubali."

Akakubali mbele ya shahidi. Hilo nalo likumbukwe.

Rubeni alikuja akafunga vigingi kwenye fito Yunis alizomwonesha, Yunis akakandika, akasugua, na ubao ukabaki kwa seremala ukingoja. Kwa baridi ile ya Usambara udongo ulihitaji wiki nzima, na kabla haujakauka ikaja habari kwamba Secilia, binti yao aliyeolewa Mlola, amejifungua. Mama hawezi kukaa nyumbani binti yake akiwa mzazi. Yunis akaondoka, akamwachia mumewe maneno mawili: ubao usiguswe mpaka arudi, na sufuria isifunguliwe.

Aliporudi siku ya nane, alianza kuuona ubao akiwa bado mlangoni. Ulikuwa sebuleni, mkabala na mlango, mahali pa kuonwa na kila apitaye. Sefania alikuwa ameuchukua mwenyewe kwa Rubeni na kupigilia vigingi vingine kwa nyundo, kwenye udongo mkavu. Ukuta ulikuwa umepasuka pande zote mbili na ubao umeinamia mbele. Juu yake alikuwa ameweka redio, picha yao ya harusi, na kopo lenye maua.

Yunis akapita, akaingia chumba cha ndani. Vigingi vyake vilikuwa palepale, vimekauka vizuri, vimekaza. Kwenye kimoja palining'inia koti la mumewe. Kwenye cha pili, kofia.

Hapo ndipo hasira ilipomshika, si hasira ya kupiga kelele bali ile ya kufanya mikono iwe baridi. Akatazama pembeni, sufuria haipo.

"Iko kwa wapishi," alisema Sefania nyuma yake. "Kesho tuna wageni kutoka wilayani, Mama Secilia. Wanakagua nyumba bora, na wameichagua yetu! Wali utapikwa kwa sufuria ile. Kibuyu chako nimekihifadhi."

"Wapi?"

"Chini ya kitanda."

Akapiga magoti akakivuta. Kilikuja chepesi. Tundu lilikuwa jipya, kubwa kuliko la kwanza, na alipokipindua kiganjani yalitoka maharage yasiyojaza hata kiganja. Sefania akakohoa, akasema kwamba maharage yamejaa sokoni Lushoto, atamnunulia debe zima. Debe zima! Miaka ishirini amelala na mwanamke huyu na hakujua alichokuwa akila.

Yunis aliyafunga maharage kwenye ncha ya khanga. Hakusema neno siku ile. Sefania akadhani ugomvi umeisha.

Wageni walifika asubuhi ya pili, watatu, pamoja na nusu ya kijiji iliyowafuata nyuma. Walisifu madirisha. Walisifu choo. Walipofika sebuleni, mkubwa wao, bwana afya mwenye miwani, akasimama mbele ya ubao, akainama akautazama kwa chini kama Yunis alivyofanya zahanati.

"Hauna miguu," alisema. "Jambo jema sana. Panya hapandi. Hii ni akili ya nani?"

"Ni mimi, ndugu," alisema Sefania. "Niliona viongozi lazima tuoneshe njia."

Mzee Rubeni, aliyekuwa mlangoni na watazamaji, akatazama miguu yake.

Yunis akatoka pembeni. "Shikamooni," aliwaamkia wageni, kwa kuwa hasira haiondoi adabu. Kisha akaitwaa redio akamkabidhi mumewe mikononi. Akatwaa picha ya harusi, akaiweka juu ya redio. Kopo la maua akampa bwana afya, aliyelipokea bila kujua kwa nini. Halafu akaushika ubao kwa mikono miwili na kuuvuta. Ulitoka mara moja, pamoja na vigingi na kipande cha ukuta, na udongo ukamwagikia viatu vya balozi.

"Mama Secilia!" alisema Sefania. "Wageni!"

"Nawaona."

Akauchukua ubao begani akaingia nao ndani, na wageni, ambao kazi yao ilikuwa kukagua, wakamfuata mpaka mlango wa chumba. Akavua koti, akaliangusha. Akavua kofia. Akang'oa vile vigingi vya Sefania kwenye matundu ya ubao, akaulenga ukutani, akausukuma kwa kiganja. Ubao ukateleza ukavimeza vigingi hadi mwisho, haukutikisika. Akafungua ncha ya khanga, akayamimina maharage ndani ya kikombe cha bati, akakiweka juu, katikati, peke yake.

"Hiyo ndiyo nyumba bora," alimwambia bwana afya. "Mkiandika, andikeni na hilo. Mliitoa dari, mkasahau mbegu."

Bwana afya akavua miwani, akaifuta. Kisha akatoa kalamu akaandika, na hakuna aliyecheka safari hii.

Sefania alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, amekumbatia redio na harusi yake, udongo umemjaa viatuni.

"Sasa hii niiweke wapi?" aliuliza.

"Chini ya kitanda," alisema Yunis. "Panya hawali redio."